Homoni za Baada ya Kukoma Hedhi na Hatari ya Saratani ya Matiti

Mwanamke akifika umri wa baina ya miaka 45 na 55, hedhi yake huanza kupishana miezi, na hatimaye hukatika kabisa. Madaktari huhesabu kwamba imekoma pale inapopita miezi 12 mfululizo bila ya damu kuonekana. Jambo hili si ugonjwa wala si laana, wala si dalili kwamba mama amekwisha kazi yake nyumbani; ni hatua ya umri, kama kubalehe kulivyokuwa hatua. Walakini si kila mwanamke huivuka kwa salama na utulivu. Siku hizi, hata mbali na miji mikubwa ya Ulaya, husikika habari za vidonge vinavyoweza kumpunguzia mateso, na pamoja nazo husikika uvumi kwamba vidonge hivyo huleta saratani ya matiti. Uvumi huo una ukweli ndani yake. Ila ukweli huo una kipimo chake, na kipimo ndicho kisichosafiri pamoja na uvumi.

JOTO AMBALO SI MALARIA

Gitega na Muyinga ni miji ya milimani. Gitega, mji mkuu wa kisiasa wa Burundi tangu 2019, umekaa mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Muyinga uko kaskazini mashariki, karibu na mpaka wa Tanzania, na tangu mabadiliko ya mikoa ya 2025 umo katika mkoa wa Buhumuza. Katika miji yote miwili usiku wa Juni na Julai humlazimisha mtu kujifunika blanketi. Ni katika baridi hiyo mama wa miaka 50 huamka usiku wa manane ameloa jasho, shuka imelowa, moyo unamdunda. Jambo la kwanza linalowajia watu wa nyumbani ni malaria. Hupelekwa kituo cha afya, damu hupimwa, vijidudu havionekani. Wengine hupewa dawa ya malaria vivyo hivyo. Juma lifuatalo jasho hurudi.

Chanzo chake ni kingine. Tangu ujana, vifuko vya mayai vya mwanamke hutoa homoni mbili kuu, estrojeni na projesteroni. Umri wa kukoma hedhi ukifika, vifuko hivyo huacha kazi hiyo, na sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili, iliyozoea estrojeni kwa miaka zaidi ya 30, huanza kukosea vipimo. Huamuru mwili utoe jasho ilhali hakuna joto. Askari polisi wa kike aliye zamu barabarani ndani ya sare yake huweza kushikwa na mwako huo mbele ya watu, uso ukamwiva, akadhaniwa kuwa ana hofu au hasira. Juu ya hayo kuna kukosa usingizi, mifupa kupungua nguvu, na ukavu wa sehemu za siri unaofanya tendo la ndoa kuwa la maumivu. Hili la mwisho huharibu nyumba nyingi kimyakimya, kwa kuwa mke huona haya kusema na mume hudhani kwamba amechukiwa.

Kwa wanawake wengi mateso hayo ni ya kadiri na hupita yenyewe baada ya miaka kadhaa. Kwa baadhi ni makali mno, na hao ndio waliofikiriwa wakati tiba ya homoni ilipobuniwa.

DAWA YENYEWE

Mwaka 1942 Marekani iliruhusu kuuzwa kwa dawa ya estrojeni iliyotengenezwa kutokana na mkojo wa farasi majike wenye mimba. Iliitwa Premarin. Mwaka 1966 daktari Robert Wilson wa New York alichapisha kitabu kilichowaaminisha wanawake kwamba kukoma hedhi ni upungufu wa kutibiwa, na kwamba kwa vidonge ujana wao ungedumu. Kitabu kiliuzwa mno. Hapana shaka kwamba mtu anayeahidi ujana wa milele hakosi wanunuzi, Marekani au kwingineko.

Mnamo 1975 tafiti zilionyesha kwamba wanawake waliomeza estrojeni peke yake walipata zaidi saratani ya ukuta wa mji wa mimba. Estrojeni huukuza ukuta huo bila ya kuwa na cha kuuzuia. Kwa hiyo madaktari waliongeza homoni ya pili, ya jamii ya projesteroni, ili kuulinda. Tangu hapo dawa ikawa ya namna mbili: ile ya homoni moja, kwa mwanamke aliyekwisha kuondolewa mji wa mimba, na ile ya homoni mbili pamoja, kwa mwanamke ambaye mji wake wa mimba bado upo. Tofauti hiyo yafaa ikumbukwe, maana habari yote ya matiti huizunguka.

MAHESABU YA 2002

Mwezi wa Julai 2002 taasisi za afya za serikali ya Marekani zilisimamisha kabla ya wakati wake utafiti mkubwa wa wanawake 16,608 wa umri wa miaka 50 hadi 79. Nusu yao walikuwa wakimeza homoni mbili pamoja, na nusu wakimeza vidonge visivyo na dawa, bila ya wao wenyewe kujua nani anameza nini. Baada ya miaka 5 na kidogo, saratani ya matiti ilikuwa imezidi kwa wale waliomeza homoni. Magazeti ya dunia yaliandika kwamba hatari imepanda kwa asilimia 26.

Msomaji aliyeona asilimia 26 angeweza kudhani kwamba katika kila wanawake 100 watameza dawa, 26 wataugua. Sivyo. Na achukulie wanawake 10,000 wameketi katika uwanja wa Ingoma mjini Gitega, na kwamba wote wana umri na hali ya wale wa Marekani. Bila ya dawa, katika mwaka mmoja 30 kati yao wangepatikana na saratani ya matiti. Wakimeza homoni mbili, wangekuwa 38. Asilimia 26 ni hao 8 waliozidi juu ya 30. Kadhalika katika uwanja huo wangezidi 7 wenye maradhi ya moyo, 8 wenye kiharusi, na 8 wenye damu iliyoganda ikakwama mapafuni. Wangepungua 6 wenye saratani ya utumbo mpana, na 5 wenye kuvunjika nyonga. Wanane katika 10,000 si wengi. Ila kila mmoja ana jina na watoto, na mwaka wa pili wanane wengine huongezeka juu yao.

Utafiti wa pili uliokwenda sambamba na huo ulikuwa wa wanawake 10,739 waliokwisha kuondolewa mji wa mimba, nusu yao wakimeza estrojeni peke yake na nusu vidonge visivyo na dawa. Nao ulisimamishwa mwaka 2004, kwa sababu ya kiharusi. Lakini saratani ya matiti haikuongezeka kwao. Walipofuatiliwa kwa takriban miaka 20, taarifa ya 2020 ilionyesha kwamba ilikuwa imepungua. Wakati huo huo tafiti za Uingereza zilionyesha kwamba hata estrojeni peke yake huongeza hatari kidogo. Wataalamu hawajakubaliana juu ya jambo hilo. Juu ya homoni mbili pamoja wamekubaliana: huongeza.

Hesabu pana zaidi ilitolewa mwaka 2019, baada ya watafiti kukusanya tafiti 58 za nchi mbalimbali zenye wagonjwa 108,647 wa saratani ya matiti. Katika nchi tajiri, wanawake 50 wakianza kumeza homoni mbili kila siku wakiwa na miaka 50, wakaendelea kwa miaka 5, mmoja zaidi kati yao atapata saratani ya matiti kabla ya kutimiza miaka 70. Ikiwa homoni ya pili humezwa kwa siku kadhaa tu za mwezi, ni mmoja katika 70. Ikiwa ni estrojeni peke yake, ni mmoja katika 200. Akimeza miaka 10 badala ya 5, hatari ya ziada hukaribia kuwa maradufu. Akimeza chini ya mwaka mmoja, haionekani sana. Akiacha, hushuka, ila kwa aliyetumia miaka mingi sehemu yake hubaki kwa zaidi ya miaka 10.

Baada ya 2002 wanawake wengi wa Marekani waliacha vidonge, na mwaka 2003 visa vipya vya saratani ya matiti nchini humo vilipungua kwa karibu asilimia 7. Yapo pia makosa ya upande wa pili. Wanawake wa miaka 50 wenye mateso makali walinyimwa dawa kwa hofu iliyotokana na utafiti ambao wengi wa washiriki wake walikuwa wamekwisha kupita miaka 60. Novemba 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kwamba sehemu kubwa ya onyo kali lililowekwa juu ya dawa hizo mnamo 2003, pamoja na ile ya matiti, ingeondolewa. Tangazo hilo lilibadili onyo. Hesabu za 2019 zimebaki kama zilivyokuwa.

HERUFI TATU KWENYE KARATASI

Burundi madaktari wengi wamesoma kwa Kifaransa, na kwenye karatasi ya dawa mama anaweza kuona herufi THS, au siku hizi THM. Maana yake ni tiba ya homoni ya kukoma hedhi. Akiziona, ana haki ya kuuliza: ni homoni moja au mbili, ni za namna gani, na ni za muda gani.

Namna ina uzito wake. Nchini Ufaransa utafiti uliofuatilia wanawake waliokuwa katika bima ya walimu ulitoa taarifa mwaka 2008 kwamba walioambatanisha estrojeni na projesteroni inayofanana na ile ya mwilini hawakuonekana kuzidiwa na saratani ya matiti, ilhali waliotumia homoni za kuigwa walizidiwa kwa asilimia 69 hivi. Taarifa za baadaye za utafiti huo huo zilionyesha kwamba hata hiyo ya kwanza, ikitumiwa zaidi ya miaka 5, si salama kabisa. Estrojeni ya kubandika kwenye ngozi nayo haigandishi damu kama ile ya kumeza. Na kwa mama ambaye shida yake ni ukavu tu, ipo estrojeni kidogo ya kupaka au kuweka ukeni, ambayo katika hesabu za 2019 haikuonekana kuongeza saratani ya matiti kwa kiasi cha kutiliwa maanani. Wanawake wengi wangetosheka na hiyo, lau wangethubutu kutaja shida yenyewe.

Kuna mchanganyiko mmoja unaohitaji kusawazishwa. Sindano ya miezi 3, vipandikizi vya mkononi na vidonge vya uzazi wa mpango, ambavyo akina mama wa Gitega na Muyinga wanavifahamu zaidi, pia ni homoni. Navyo tafiti zimeonyesha ongezeko dogo la saratani ya matiti kwa wanaovitumia, linalopungua baada ya kuacha. Lakini mtumiaji wa uzazi wa mpango kwa kawaida ni kijana, na katika umri huo maradhi haya ni machache, hivyo ongezeko dogo juu ya idadi ndogo huzaa wagonjwa wachache sana. Tena kinga dhidi ya mimba isiyotarajiwa ni kinga dhidi ya kifo cha uzazi. Mume anayemkataza mkewe sindano kwa kuwa amesikia habari za vidonge vya wazee anachanganya mambo mawili.

HESABU YA HAPA SI HESABU YA LONDON

Takwimu zilizotajwa ni za wanawake wa nchi tajiri. Katika Afrika ya Mashariki, saratani ya matiti hupatikana kwa kiwango kilicho chini sana ya kile cha Ulaya ya Kaskazini au Marekani. Sababu mojawapo ni uzazi na unyonyeshaji. Mwaka 2002 mahesabu yaliyojumlisha tafiti za nchi 30 yalionyesha kwamba kila mtoto mwanamke anayemzaa hupunguza hatari yake kwa asilimia 7, na kila miezi 12 ya kunyonyesha huipunguza kwa asilimia 4 na kidogo. Mama wa kilimani aliyezaa watoto watano na kumnyonyesha kila mmoja mwaka mmoja na nusu ana hatari inayokaribia nusu ya ile ya mwanamke asiyezaa. Dawa ikiongeza robo juu ya hatari ndogo, nyongeza yenyewe huwa ndogo pia. Mke wa afisa wa mjini aliyezaa wawili, wa kwanza akiwa na miaka 31, hana unafuu huo.

Hapo mtu angeweza kusema: basi Gitega na Muyinga dawa hizi hazina neno. Haifuati. Mwanamke wa London anayemeza homoni huitwa kupigwa picha ya matiti kila miaka mitatu, na uvimbe wake aghalabu huonekana ungali mdogo. Kwa mama wa Muyinga hakuna wito wa namna hiyo. Wagonjwa wa ziada watakuwa wachache, lakini kila mmoja wao ataligundua gonjwa peke yake, kwa mkono wake, na mara nyingi kwa kuchelewa.

Ipo pia hatari nyingine ya matiti ambayo hukaa mezani bila ya kuulizwa na mtu. Chupa kubwa ya bia ya sentilita 72, yenye kileo asilimia 5, ina karibu gramu 28 za kileo. Kila gramu 10 za kileo kwa siku huongeza hatari ya saratani ya matiti kwa asilimia 7 hivi. Mwanamke anayekunywa chupa moja kila jioni amejiongezea karibu asilimia 20, kiasi kisicho mbali na zile asilimia 26 zilizotisha dunia. Urwarwa nao ni kileo. Unene wa kupita kiasi baada ya kukoma hedhi huongeza pia, kwa kuwa mafuta ya mwili hutengeneza estrojeni yenyewe.

MIEZI INAYOPOTEA

Katika nchi jirani ya Rwanda, hospitali za vijijini za Butaro na Rwinkwavu ziliwauliza wanawake 144 wenye saratani ya matiti ilivyokuwa hadi wakagunduliwa. Taarifa ilitolewa mwaka 2015. Tangu dalili ya kwanza hadi jibu la uhakika, muda wa kati ulikuwa miezi 15. Walioanza kwa mganga wa kienyeji walichelewa zaidi kufika hospitali. Na hata waliofika vituoni, wengi walirudishwa nyumbani. Waliotembelea vituo mara tano au zaidi kabla ya kupimwa sawasawa ndio waliopoteza muda mwingi zaidi mikononi mwa watu wa afya wenyewe. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo la siku 60.

Kilima cha Rwanda na kilima cha Burundi havitofautiani sana katika mambo haya. Uvimbe wa titi katika umri wa kukoma hedhi husingiziwa kwamba ni damu iliyokwama kwa kukosa kutoka. Hakuna damu inayokwama katika titi. Uvimbe mgumu usiouma, ngozi iliyobonyea kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani au kutoa damu, tezi iliyovimba kwapani: lolote katika hayo lapaswa kuonekana na daktari juma hilo hilo, awe mama anameza homoni au hajawahi kuziona. Asingoje pia kwa kudhani kwamba ni maradhi ya wazee, kwani sehemu kubwa ya wagonjwa wa Afrika ya Mashariki hugunduliwa kabla ya miaka 50. Na damu inayorudi baada ya miezi 12 ya kukoma haimaanishi kwamba ujana umerudi. Huweza kuwa ishara ya saratani ya mji wa mimba au ya mlango wake.

Kuhusu dawa zenyewe, hatari iliyo karibu zaidi ni boksi lisilo na daktari. Mama anayetumiwa vidonge na ndugu aliye Ubelgiji au Kanada, au anayeuziwa na mtu asiyemuuliza neno, hajapimwa shinikizo la damu wala kushikwa matiti. Hajaulizwa kama aliwahi kupata kiharusi, damu kuganda mguuni, au ugonjwa wa ini. Huenda akapewa estrojeni peke yake ilhali mji wa mimba angali nao, kosa lile lile lililojulikana tangu 1975. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti hana ruhusa kabisa: utafiti wa Sweden wa wanawake wa namna hiyo ulisimamishwa mwishoni mwa 2003, kwa kuwa saratani iliwarudia zaidi wale waliopewa homoni.

Kwa mwanamke mwenye afya, aliye chini ya miaka 60, ambaye hedhi yake imekoma kabla ya miaka 10 kupita na ambaye usiku wake umekuwa wa mateso, madaktari wengi wanakubali kwamba faida huweza kuzidi madhara, ikiwa muda wa dawa unapangwa na kupimwa tena kila mwaka. Aliyekoma mapema, kabla ya miaka 40, au aliyeondolewa vifuko vya mayai akiwa kijana, kwa kawaida hushauriwa kutumia hadi afike umri wa kukoma kwa kawaida, kwa ajili ya mifupa na moyo wake. Asiyetaka homoni au asiyeruhusiwa anaweza kuuliza juu ya dawa nyingine zisizo homoni zinazopunguza mwako.

Uamuzi huo haufai kumwangukia mke peke yake, ingawa katika nyumba za askari mara nyingi humwangukia. Kuanzia Desemba 2007 maelfu ya wanajeshi wa Burundi walipelekwa Somalia kwa zamu, na wake zao waliamua mambo ya hospitali bila ya wao. Anayepiga simu nyumbani kuuliza ada ya shule na bei ya maharage aweza kuuliza pia kama ule uvimbe aliotajiwa mwezi uliopita umekwisha kuonekana na daktari.

Kutoka Gitega hadi Bujumbura ni kiasi cha kilomita 100. Kutoka Muyinga ni mara mbili ya hizo, na kwa miaka mingi wagonjwa wa Burundi waliohitaji mionzi walilazimika kuitafuta nje ya nchi. Kwa upande wa Tanzania mionzi hutolewa Bugando, Mwanza, na katika Taasisi ya Ocean Road, Dar es Salaam; anayetoka Muyinga huvuka Kobero. Safari hiyo yafaa ianze na karatasi ya majibu ya nyama iliyokatwa na kupimwa, kwa kuwa matibabu ya mionzi hayaanzi bila ya majibu hayo, na aliyesafiri bila ya karatasi hupimwa upya huku siku zake za malazi zikihesabiwa.